Laptopu imekuwa nzito ghafla kwenye gemu: dhana potofu na ukweli wake

Jana gemu ilikuwa inakwenda fremu (yaani picha) 90 kwa sekunde bila wasiwasi. Leo ni gemu ileile, setingi zilezile, na fremu hazivuki 25. Kabla hujakaa sawa, washauri wameshajaa: imezeeka hiyo, ina virusi, ipige Windows upya, iuze. Ukiwafuata wote utamaliza wiki nzima na tatizo litabaki palepale. Laptopu iliyodorora kwa mkupuo mara nyingi haijachoka. Imejibana yenyewe, na kazi yako ni kujua imejibana kwa sababu gani.

Dhana: "Ina miaka mitatu sasa, prosesa imechoka."

Prosesa na kadi ya michoro hazipungui mwendo kadiri umri unavyosogea. Zikianza kuharibika, dalili huwa nyingine: mashine inazima katikati ya gemu, inaganda, au skrini inajaa mistari na viboksi vya rangi. Vinavyochakaa ni vile vinavyozizunguka, yaani feni, pesti ya kupitisha joto, betri na waya wa chaja. Hivi navyo huchakaa polepole, isipokuwa feni iliyokata roho au waya uliokatikia ndani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, soma namba tatu wakati gemu inaendelea: spidi ya prosesa na ya kadi, joto lake, na wati zinazotumika. Programu ya HWiNFO ni ya bure na inaonyesha zote. Cheza kama robo saa kwanza, maana laptopu yoyote huonekana nzima katika dakika mbili za mwanzo.

Dhana: "Betri inaonyesha inachaji, kwa hiyo umeme si tatizo."

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, na ndipo ningeanzia mimi kila mara.

Laptopu ya gemu huja na chaja ya wati 180, 230 au hata zaidi. Ukiichomekea chaja ya USB-C ya wati 65, ile alama ya kuchaji itawaka kama kawaida, lakini mashine inajua imepewa sehemu ndogo tu ya chakula chake na itapunguza mwendo ipasavyo. Hilo ni rahisi kuligundua. Gumu zaidi ni pale chaja ni ileile ya siku zote. Laptopu nyingi huitambua chaja yake kwa mawasiliano madogo yanayopita kwenye plagi, baadhi kupitia pini nyembamba ya katikati. Pini hiyo ikipinda au waya wake ukikatika, umeme unaendelea kuingia ila mashine haijui tena chaja ina uwezo gani. Kwa usalama, inachukulia kuwa ni dhaifu.

Ukisoma namba hapo utaona kitu cha ajabu: prosesa imeganda kwenye gigahezi 0.8, wakati mwingine 0.4, na haipandi hata ukibofya nini. Joto ni nyuzi 50. Feni ziko kimya kabisa, gemu inaenda kama picha za albamu. Mtu anayeamini kila tatizo ni joto atafungua mashine na kubadilisha pesti, na haitasaidia, kwa sababu mashine haijawahi kupata moto. Ingia kwenye baiosi, ile menyu inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uone kama chaja inatambulika na kwa wati ngapi. Laptopu kadhaa hata hutoa onyo zinapowaka. Kisha azima chaja nyingine ya asili yenye wati zilezile ujaribu.

Kuna dalili nyingine pia: asilimia ya betri inashuka huku umechomeka. Na kama unacheza kwa betri peke yake bila chaja, usishangae chochote. Betri haiwezi kumwaga umeme kwa kiwango cha chaja kubwa, na laptopu zenye kadi za NVIDIA zina setingi ya Battery Boost inayoweza kufungia fremu hata kwenye 30. Baadhi ya mashine hupunguza mwendo hata betri ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu huitegemea kuongezea nguvu pale matumizi yanaporuka ghafla.

Dhana: "Kadi inafanya kazi asilimia 99, kwa hiyo inatoa kila ilicho nacho."

Asilimia hiyo hupimwa kwa spidi ya wakati huo. Kadi iliyobanwa hadi megahezi 300 inaweza kuonyesha 99 na isidanganye: kweli imeshughulika muda wote, ila kwa mwendo wa kobe. Tazama wati. RTX 4060 ya laptopu, kwa mfano, hutengenezwa kwa viwango vya kuanzia wati 35 hadi 115 kutegemea mtengenezaji. Kama yako ilizoea kula wati 100 na sasa inakula 40, umeshapata pa kuanzia: pengine kibonyezo cha hali ya kimya kiliguswa kwenye kibodi, au Windows imerudi kwenye hali ya kubana matumizi.

Hakikisha pia ni kadi ipi hasa inayofanya kazi. Laptopu nyingi zina mbili, ndogo iliyomo ndani ya prosesa na ile kubwa. Baada ya apdeti, gemu inaweza kuhamishiwa kwenye ile ndogo bila taarifa. Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kinachoendelea ndani ya mashine, huzionyesha kama GPU 0 na GPU 1. Kama kubwa imelala huku ndogo ikihema, nenda kwenye setingi za skrini za Windows, upande wa michoro, uichagulie gemu kadi kubwa.

Dhana: "Stendi yenye feni itamaliza joto."

Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, na za AMD nyingi ni 95. Zikifika hapo hupunguza spidi zenyewe ili zisivuke. Kuona 95 peke yake si ushahidi wa ugonjwa. Ushahidi ni joto kugota kwenye kikomo huku spidi ikiporomoka.

Kinachosababisha hali hiyo kwa kawaida ni vumbi lililojikusanya katikati ya feni na mapezi ya kupozea, likawa kama kipande cha blanketi. Stendi hupuliza kava la chini. Blanketi inabaki ilipo. Kuinua mgongo wa laptopu sentimita chache kunasaidia karibu sawa na stendi na hakugharimu kitu. Ukisafisha, zima mashine, chomoa chaja, na zuia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza ili isizunguke kupita kiasi. Kuhusu ile pesti ya metali ya majimaji inayosifiwa sana: ina galiamu, na galiamu hula alumini. Kama huna uhakika kipozeo chako ni cha shaba, achana nayo.

Dhana: "Apdeti ndiyo imeharibu, irudishe nyuma mara moja."

Huenda, lakini subiri kidogo. Draiva mpya (programu inayoiendesha kadi) mara nyingi huifanya gemu ikokotoe upya sheda zake, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, na kipindi hicho picha hukwamakwama kisha hutulia. Kama siku ya pili hali ni ileile, ndipo urudishe draiva ya zamani.

Apdeti ya gemu yenyewe nayo hubadilisha setingi kimyakimya. Ikikutoa kwenye 1920 kwa 1080 ikakupeleka 3840 kwa 2160, umeongezewa nukta mara 4. Na fremu zikiwa zimenasa 30 kamili, hazipandi hazishuki, shuku V-Sync, setingi inayozifanya fremu ziende sambamba na skrini: skrini ya hezi 60 hujichora kila milisekunde 16.7, na fremu inayochelewa kidogo tu hungoja zamu inayofuata.

Dhana: "Pakua programu ya kusafisha RAM."

Hapana. Windows inajua kutumia RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Angalia tu kama gigabaiti 16 zako hazijawa 8. Kipande kimoja kikilegea, unapoteza nusu.

Dhana: "Intaneti ndiyo inashusha fremu."

Mtandao mbovu hufanya wachezaji warukeruke na risasi zako zichelewe. Namba ya fremu haiguswi.

Dhana: "Piga Windows upya, itapona."

Itapona kama tatizo lilikuwa ndani ya Windows, mfano programu ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyojificha. Baadhi yake husimama pale tu unapofungua Task Manager, ndiyo maana hazionekani. Lakini pini iliyopinda haitibiwi na Windows mpya. Kabla ya kufuta chochote, washa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi: prosesa ikibaki gigahezi 0.8 hata huko, Windows haina hatia. Hapo zima laptopu, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika hivi, kisha uiwashe tena. Kuna mashine ambazo hujifungua kwa hilo tu. Isipofunguka, mpelekee fundi laptopu pamoja na chaja yake.