Tanuri halifuti karanga

"Ikiingia motoni, aleji inakufa." Maneno haya nimeyasikia Kadutu, nimeyasikia Nyawera, mitaa ya Bukavu, na wiki hii nimeyasikia tena kwa mama aliyekuja kuagiza gato, yaani keki, la mtoto asiyeweza kula karanga. Eti hata mwiko ukiwa na karanga kidogo haina neno, kwani gato si litaokwa? Hapana, mama. Ina neno, tena kubwa.

Moto unaua vijidudu kwa sababu ni viumbe hai. Kinachomdhuru mwenye aleji ni protini, na protini haina roho ya kutoka. Isitoshe, hata tanuri likifika digrii 180, katikati ya gato joto halivuki 100 maadamu kuna unyevu. Protini za karanga ni sugu: kuzikaanga kwa moto mkavu, kama tufanyavyo sote kabla ya kusaga, kunaweza hata kuzifanya ziuchokoze zaidi mwili wa mwenye aleji.

Najua uongo huu unatoka wapi. Unatoka kwenye mayai na maziwa. Watoto wengi wenye aleji ya mayai huvimba midomo wakila omleti, lakini kipande cha gato lililookwa sawasawa hakiwafanyi kitu. Baadhi ya protini za ute mweupe hubadilika umbo kwa joto, na zikichanganyika na unga wa ngano makali hupungua zaidi. Lakini imo nyingine, ovomukoidi, ambayo joto haliiwezi. Mtoto ambaye mwili wake unapigana na hiyo, gato litamuumiza vilevile. Kazeini, protini ya maziwa, nayo ni hivyo hivyo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha watoto hao wawili. Kipimo chake hufanywa na daktari, adrenalini, dawa ya kumwokoa akizidiwa, ikiwa karibu, wala si sebuleni siku ya kuzaliwa, shangazi zote wakitazama. Shangazi anayesema "wa kwetu anakula gato la mayai na hana shida" anasema kweli, ila kuhusu wa kwao tu.

Hapo hata mimi nasita. Mzazi akiniambia daktari ameruhusu mayai yaliyookwa, yameokwa kiasi gani? Gato laini katikati na biskuti kavu si kitu kimoja, na tanuri langu la makala, yaani mkaa, leo linawaka vizuri, kesho makala yana unyevu. Kwa hiyo naacha mayai kabisa. Ndizi mbivu iliyopondwa inashika unga, bikabonati na ndimu vinauinua, basi.

Unga ndio unaonitesa. "Muhogo hauna gluteni." Kweli, hauna hiyo protini ya ngano. Lakini umesagwa wapi? Mashine ya mtaa imetoka tu kusaga sosoma ya mtu, soya, mtama na mahindi, na aliyetangulia alileta ngano au karanga. Unga wako unapita humo humo, unachukua mabaki, na kupangusa mdomo wa mashine hakusaidii kitu. Mimi nanunua muhogo mtamu mkavu, vipande vizima, natwanga mwenyewe na kuchekecha. Ule mchungu siutaki: usipolowekwa una sumu, ukilowekwa unaacha uchachu kwenye gato. Kinu changu hakijawahi kuona karanga. Ukitaka kujua kwa nini nashikilia hilo, chukua kinu cha mti kilichozoea karanga, kioshe, kianike, kisha pitisha kidole chini kabisa, penye nyufa. Kidole kitatoka na mafuta.

Sasa mbwa. Bobi wangu anasukuma mlango wa jiko kwa pua na kuweka miguu ya mbele juu ya meza. Watu huniuliza mbwa anahusikaje na aleji ya karanga. Amelamba sufuria ya karanga kwa jirani, anarudi na mdomo ule ule kwenye kitambaa changu, kisha kwenye mkono wa mtoto, na mtoto anaupeleka mdomoni. Siku ya oda kama hizi Bobi anatolewa nje kabla sijafungua unga, na aliyemshika ananawa kwa maji na sabuni. Si kwa jeli ya alkoholi! Jeli inaua vijidudu, karanga inabaki pale pale kwenye ngozi. Ni kosa lile lile la moto.

Halafu kuna vitu vya kawaida jikoni ambavyo mbwa anaweza kufa navyo. Kakao, hata hii nzuri ya Beni, ina theobromini, kemikali ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Zabibu kavu zinaweza kuharibu figo zake. Ksilitoli, ile tamu inayotiwa badala ya sukari, inashusha sukari ya damu yake ghafla. Donge bichi lenye hamira linaumuka tumboni mwake na kutoa pombe. Mabaki ya vitu hivyo siyaachi mezani hata dakika moja, wala siyatupi kwenye shimo la taka lililo wazi.

Bobi naye ana biskuti zake: boga lililochemshwa na unga wa mchele, bila sukari wala chumvi. Naziweka tanurini mwisho, gato la mteja likiwa limepoa na kufunikwa, na anakula nje.