Nani alale kwanza? Dhana potofu kuhusu kulaza vifaa kwenye Linux

Dhana: ukifunika laptopu, vifaa vyote hukatiwa umeme papo hapo. Hapana. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, hugandisha kwanza programu, kisha hulaza vifaa kwa awamu. Awamu ya mwisho, draiva (programu zinazoendesha vifaa) hazipokei tena intarapti, yaani ishara za vifaa kuomba kuhudumiwa.

Dhana: kerneli inajua yenyewe nani atangulie. Inajua nusu tu. Vifaa hukaa kwenye orodha, kwa kawaida kwa jinsi vilivyosajiliwa. Kulaza huanzia mkiani, kuamsha huanzia kichwani, hivyo mtoto hulala kabla ya mzazi: flashi kabla ya kontrola ya USB iliyoibeba. Shida ni vifaa vinavyotegemeana bila uzazi huo. Kadi nyingi za grafiki zina sehemu ya sauti ya HDMI. Kwenye mti wa PCI, njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta, sehemu hizo mbili ni ndugu, walio sawa kabisa, ilhali ya sauti haifanyi kazi grafiki ikizimwa umeme. Mti hausemi hilo, kwa hiyo lazima mtu alitamke. Toleo la 4.10 la kerneli, la Februari 2017, lilileta viungo vya vifaa: msanidi anatamka kwamba hiki kinakitegemea kile, na kerneli inahakikisha tegemezi linalala kwanza na kuamka baadaye. Sauti na grafiki ziliungwa hivyo mwaka 2018.

Dhana: kulaza sambamba ndiko kunakovuruga mpangilio. Hili linanikera, kwa sababu linalaumu asiyehusika. Tangu toleo la 2.6.34, la mwaka 2010, vifaa vinaweza kulazwa kwa pamoja, lakini kila kimoja husubiri watoto wake na vyote vilivyoungwa kwake. Kinachovunjika ni utegemezi ambao hakuna aliyeutamka, uliokuwa ukiokolewa na bahati ya orodha. Ili kuzima ulazaji sambamba, andika 0 kwenye /sys/power/pm_async. Hitilafu ikitoweka, tafuta kiungo kilichosahaulika. Kuongeza msleep (amri ya kusubiri kidogo) ndani ya draiva si tiba, maana mashine nyingine ina kasi nyingine.

Dhana: kifaa kimoja kikigoma, vingine huendelea kulala. Hapana. Draiva ikirudisha kosa, zoezi zima husitishwa na vilivyokwisha kulala huamshwa. Kumjua aliyegoma, andika 1 kwenye /sys/power/pm_print_times, weka devices kwenye /sys/power/pm_test, kisha laza mashine: vifaa vitalala, vitasubiri sekunde 5 na kuamka, na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itaonyesha kila kimoja kwa zamu yake.