"Dokta, jicho la kushoto limekufa"

Hii kauli naisikia sana kliniki na nusu ya kesi hizo jicho lenyewe ni zima kabisa. Huwa namwambia mgonjwa afunike hilo hilo jicho la kushoto kwa kiganja, aniangalie puani asihamishe macho, afu nachezesha kidole upande wake wa kushoto (sikipeleki mbali sana maana pua yake itaziba). Haoni. Sasa mzee wangu, jicho bovu umelifunika, hili zima nalo mbona halioni kushoto?

Kumbe kilichopotea ni upande, sio jicho. Na hapo ndo inabidi nieleze njia yenyewe ya kuona, toka jichoni hadi ubongoni.

Mwanga ukiingia unapita konea (kile kioo cha mbele ya jicho) na lenzi, unatua kwenye retina huko nyuma, picha ikiwa kichwa chini miguu juu na kushoto kumekuwa kulia. Retina ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini nyuzi za neva zinazotoka kwenye jicho ni kama milioni 1 tu, kwa hiyo haiwezekani kila seli ikawa na waya wake, retina yenyewe inachambua kwanza, wapi mwanga umekutana na giza, nini kimesogea, rangi ipi iko jirani na ipi, ndo inatuma. Na kitu ambacho mpaka leo kinanifurahisha, zile seli zinamwaga kemikali yake zaidi gizani, mwanga ukizipiga zinapunguza. Yaani kinyume na unavyodhani.

Halafu neva mbili za macho zinakutana chini ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, panaitwa kiazma. Hapa wengi wanakosea wanadhani jicho la kushoto linaenda lote ubongo wa kulia, hapana, nyuzi za upande wa pua ndo zinavuka, za upande wa sikio zinabaki upande wake. Matokeo yake kila kitu kilichopo kushoto kwako, kiwe kimeonwa na jicho hili au lile, kinaishia ubongo wa kulia. Kutoka hapo ni thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo, afu sehemu ya ubongo iliyo kisogoni.

Ukishaielewa hiyo makutano, mgonjwa anakuonyesha mwenyewe waya umekatika wapi. Jicho moja tu halioni, tatizo liko kabla ya kiazma, retina au neva yenyewe. Pembe za nje zimepotea pande zote mbili, yaani bodaboda zinamtokea ghafla kushoto na kulia, nawaza uvimbe wa pituitari unaokandamiza kiazma kwa chini. Upande ule ule umepotea macho yote mawili, ni nyuma ya kiazma, na kwa watu wazima mara nyingi ni kiharusi. Huyu ndo yule anayegonga bega la kushoto mlangoni na akisoma gazeti anapoteza mwanzo wa mstari, analaumu jicho la kushoto kwa sababu ndilo linaloona mbali zaidi upande huo. Miwani ya kawaida haimsaidii hata umuuzie ya bei gani.

Ramani ya kisogoni, yaani sehemu ipi ya ubongo inaona wapi, tumeipata kwa sababu ya vita, ukweli ndo huo. Daktari wa macho Mjapani, Tatsuji Inouye, alipima askari waliopigwa risasi za kichwa vita ya Japani na Urusi ya 1904 hadi 1905, akakokotoa risasi iliingilia wapi ikatokea wapi, akalinganisha na sehemu ambayo askari haoni. Alichapisha 1909. Aliona kwamba kale kaeneo kadogo ka katikati unakotumia kusomea haya maandishi kamepewa sehemu kubwa mno ya ubongo kuliko pembeni kote.

Kwa hiyo ukiona kiza kimekatisha ghafla, funika jicho moja, kisha lingine. Kama upande ule ule umepotea kwa yote mawili nenda hospitali muda huo huo, sio duka la miwani, na usijiendeshe mwenyewe. Likizima jicho moja ghafla nalo usilisubirishe hadi Jumatatu.