Hiyo sayari ya almasi mnayonitumia, basi tuiongee mara moja yaishe

Nishachoka jamani. Wiki hii tena nimeletewa ile picha, dude la duara linametameta, chini yake maandishi makubwa ati NASA wamegundua sayari nzima ya almasi na karibuni almasi itauzwa bei ya kokoto. Safari hii aliyenitumia ni shemeji yangu, na hakuishia hapo, kaniongezea na ushauri niuze hayo mawe yangu mapema kabla hayajaharibika soko. Kabla yake alikuwa mteja, Mtaliano mmoja pale Lamu Road, tunavutana bei ya tsavoraiti, kile kito cha kijani cha Tsavo, akaona amekwama akanitolea hiyo sayari kama sababu ya kupunguziwa. Sayari iko miaka nuru 41 kutoka hapa, mimi kodi ya duka nalipa Malindi, sasa tunapunguziana kwa hesabu gani?

Kazi yangu ni vito. Nanunua mabichi kutoka upande wa Taita, nakata, nang'arisha, nauza. Mambo ya nyota nayasoma kwa sababu hii habari imeshanikalia dukani kwa muda mrefu, nikaona afadhali niijue kuliko kubishana nisichokijua, na nilipoifuatilia nikakuta ubishi wenyewe zaidi ya nusu ni wa madini sio wa nyota. Kwa hivyo naandika hapa, na mwengine akinitumia hiyo picha namrudishia linki bila salamu.

Jina lake ni 55 Cancri e. Iligunduliwa 2004, uzito wake kama mara 8 wa dunia, upana karibu mara mbili, na iko karibu na nyota yake hivi kwamba mwaka wake ni chini ya saa 18. Hayo hayana ubishi, tupite.

Ubishi uko hapa, na hapa nataka mtulie. Hakuna mtu aliyeiona almasi kwenye sayari ile. Kilichopimwa ni uzito na upana, basi, na kutoka hapo unapata densiti, yani uzito kwa ujazo. Ni sawa na kupewa gunia lililoshonwa mdomo, umelipima kwenye mizani na umelizungushia futi, halafu useme ndani ni mchele wa aina gani. Unaweza kusema ndani sio misumari. Zaidi ya hapo unakisia, na unaweza kukisia vizuri, lakini ni kukisia.

Sasa ukichukua mawe na chuma kama vya dunia ukavirundika mpaka vifike mara 8, ule uzito unajikandamiza wenyewe na mpira unatoka mdogo kuliko hii 55 Cancri e ilivyo. Kumbe hii imefura kupita inavyotakiwa. Kwa hivyo ama juu yake kuna maji au gesi nyingi, ama ndani yake kuna kitu chepesi kuliko tulivyozoea. Wengi walikuwa wanasema maji. Mwaka 2012 Nikku Madhusudhan na wenzake, wakati huo akiwa Yale, wakasema mbona hamna haja ya maji, ukiweka kaboni nyingi badala ya mawe ya kawaida hesabu inakubali vile vile, na kaboni ikibanwa kule chini inakuwa almasi, na huenda theluthi ya uzito wa sayari ikawa ndiyo hiyo. Mi karatasi yenyewe sina ugomvi nayo, ni hesabu ya mtu makini na imejaa "huenda" na "inaweza". Ugomvi wangu ni na wale waliochukua hiyo theluthi wakaifanya nzima, na hiyo huenda wakaitupa baharini.

Na kaboni yenyewe walijuaje iko nyingi? Hawakuipima kwenye sayari! Walipima nyota. Ule mwanga wa nyota ukiupasua unaona mistari ya kila elementi, unalinganisha kaboni na oksijeni, ikizidi kama 0.8 hivi unatarajia mawe ya kaboni badala ya mawe ya silika kama yetu. Jua letu ni kama 0.55. Nyota hii ilipimwa mwanzo ikatoka 1.12, hapo ndio watu wakachangamka. Lakini kuna mstari mmoja wa oksijeni unaotegemewa sana ambao umelaliwa juu na mstari wa nikeli, na nyota hii ina metali nyingi, nikeli ikiwemo, kwa hivyo usipoitoa vizuri hiyo nikeli oksijeni yako inatoka sio. Johanna Teske na wenzake wakarudia 2013, wakatumia mistari kadhaa, wakapata 0.78. Yani pale pale mpakani, na kosa la kipimo linaweza kukupeleka upande wowote. Theluthi ya sayari kuwa almasi ama kutokuwa inaning'inia kwenye mstari mmoja uliochanganyika na nikeli, na hilo kwenye picha ya shemeji halipo.

Halafu kuna jambo ambalo hata vitabu vinalipita mbio, kwamba sayari inafanana na nyota yake. Je inafanana? Angalia hapa kwetu. Jua lina kaboni kuliko silikoni, tena kwa mbali, na dunia imetoka kwenye wingu lile lile, lakini dunia imejaa silikoni na kaboni yake ni chembe. Kaboni ilipotea njiani, iliondoka kama gesi. Sasa kama kanuni imekataa kwenye sayari pekee tunayoikanyaga, mbona tunaiamini hivi kwenye ile ya miaka nuru 41? Sijasikia jibu la kunitosheleza, na nadhani wenyewe wanaohesabu wanajua hapo pana shimo wanalirukia tu.

Mwaka 2024 darubini ya James Webb ikaleta dalili kwamba ina hewa, pengine ya kaboni monoksaidi au kaboni daioksaidi, inayotoka kwenye lava. Hewa ni gesi, na gesi tumesema ndiyo ile njia nyingine ya kueleza kufura. Haikuifuta almasi. Imeipunguzia kazi.

Ongeza na joto. Upande wa mchana kule ni zaidi ya nyuzi 1,500. Almasi uso wa ardhi, bila shinikizo, ni mgeni anayesubiri ruhusa ya kuondoka, hali yake halisi hapo ni grafaiti, ile ya kalamu ya risasi. Na kwamba almasi haivumilii moto sonara yeyote analijua kwa mkono wake: ukichomelea pete yenye almasi bila kuipaka asidi ya boriki, jiwe linatoka na ukungu mweupe juu, limeungua usoni, inabidi likang'arishwe upya na linapungua uzito. Hiyo ni tochi tu ya dukani. Kwa hivyo hata kama almasi ipo, iko chini ndani ya sayari, na juu unakanyaga lava.

Kuna na sayari ya almasi ya pili, PSR J1719-1438 b, hii inatumwa kidogo ila mimi ndiyo naipenda. Ilitangazwa 2011 na timu ya Matthew Bailes kutoka Australia. Inazunguka pulsa, yani nyota ya nyutroni inayojizungusha kwa kasi, kwa saa mbili na dakika 10, uzito kama wa Mshtarii, na densiti yake ni angalau gramu 23 kwa sentimita ya ujazo. Haya, almasi ninayoishika mimi ni 3.52. Dhahabu ni 19.3. Kitu cha 23 kwenda juu kinaitwaje almasi? Ni kaboni iliyobanwa, pengine na oksijeni, na imepangika kifuwele, sawa, lakini ukiikata kipande ukakileta hapa hakiji na bei, kinakuja na mlipuko. Na haikuzaliwa sayari, ni kiini cha nyota iliyonyonywa na mwenziwe mpaka ikabaki mfupa. Wa Malindi wenzangu hii tuisikilize vizuri, manake mambo ya nyota ya nyutroni kumnyonya jirani yake yalianza kueleweka kwa setelaiti iliyorushwa hapo Ngomeni tu, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, wakaiita Uhuru. Watoto wetu wanafundishwa hilo wapi? Lakini sayari ya almasi wanaijua.

Sasa rubi. "Mvua ya rubi na yakuti" kwenye HAT-P-7b, sayari nyingine ya mbali. Hii ndiyo inanipandisha presha kuliko zote. Mwaka 2016 David Armstrong wa chuo cha Warwick na wenzake waliona kwenye data za darubini ya Kepler kwamba sehemu inayong'aa zaidi ya sayari inahama hama, wakasema ni upepo unasukuma mawingu, na kwa joto lile mawingu yanayoweza kuganda ni ya korandamu. Korandamu ni alumini oksaidi, na rubi ni korandamu. Kwa hivyo rubi! Hapana bwana. Na 2022 kuna waliopitia data zile zile wakasema huko kuhama hama kunaweza kuwa ni kelele za nyota yenyewe, lakini hata tuwape mawingu yao, bado.

Njoo dukani uone. Nikikata tsavoraiti, hatua ya mwisho naweka unga mweupe kwenye sahani ya kung'arishia, tone la maji, jiwe liko kwenye kijiti chake, nalishusha pole pole mpaka ule uso mkavu unaanza kurudisha mwanga wa dirisha. Ule unga ni alumini oksaidi. Korandamu, chembe ndogo ambazo huzihisi hata kwenye vidole. Nikimaliza natia kidole kwenye ndoo, rubi zote hizo zinaenda na maji machafu, na jioni namwaga. Misasa mingi ya mafundi seremala hapo Maweni ina korandamu. Wingu la sayari, likiwa lipo, ni hilo: vumbi. Kuwa rubi inabidi kromiamu iingie kwa kipimo, chuma kisizidi kikaua rangi, fuwele ikue pole pole bila kubugudhiwa mpaka ifikie ukubwa wa kushikika, isipasuke, isijae uchafu ndani. Yale machimbo ya Tsavo yanatoa korandamu nyekundu kwa ndoo na nyingi haipiti mwanga, inaishia kukatwa duara la mgongo wa kobe tu. Hapo pana kromiamu na pana kila kitu, na bado kito safi ni bahati.

Ile ya mawingu ya kwatzi kwenye sayari ya WASP-17b naikubali kwa sababu 2023 James Webb iliona alama ya kwatzi yenyewe kwenye mwanga. Chembe za nanomita 10 hivi. Kwatzi, ile iliyojaa kwenye mchanga! Hata bichi boi wa ufukweni hakuuzii.

Kuhusu bei kuporomoka nitakwenda haraka. Chini ya mabara yetu, kilomita 145 mpaka 240, watafiti walikadiria 2018 kuna almasi kama tani bilioni moja mara milioni. Ziko miguuni mwetu, na shimo lililokwenda chini kuliko yote watu waliyochimba, la Kola kule Urusi, halijazidi kilomita 12 na ushee. Bei ilitikisika? Kilichotikisa bei ni maabara, ufundi uliofaulu tangu 1954 kule Marekani na sasa unatoa mawe safi mno kwa bei inayoshuka. Na hiyo asteroidi ya Psyche, lile jiwe la angani lenye metali nyingi, mnayosema itatufanya sote mabilionea, chombo kiliondoka Oktoba 2023, kitafika 2029, kinakwenda kupiga picha na kupima. Hakina hata koleo.

Ila niseme ukweli ambao wauza vito hatupendi kuusema: uadimu peke yake hauelezi bei hata hapa chini. Tsavoraiti ni adimu kuliko zumaridi, ina mng'aro zaidi, haitiwi mafuta kuficha nyufa, na bado zumaridi inaiacha mbali kwa bei. Ukiniuliza kwa nini nitakuambia historia, matangazo, mfalme fulani alivaa. Kwa hivyo shemeji hajakosea kila kitu, bei ya kito ni maneno kwa sehemu kubwa. Amekosea kudhani maneno hayo yanafika 55 Cancri.

Na kama sayari za kaboni zipo, mi nadhani jiwe lake sio almasi hasa, ni silikoni kabaidi. Sisi tunaiita moisanaiti, baada ya Henri Moissan aliyeikuta 1893 kwenye kimondo cha Arizona. Hiyo testa ndogo mnayonunua mtandaoni inapima joto tu linavyopita, ukiigusisha moisanaiti inalia almasi, na kuna watu hapa mjini wameuziwa pete kwa mlio huo. Shika lensi, angalia ndani kupitia upande wa jiwe, ukiona kona za chini zinaonekana mbili mbili ujue sio almasi.

Anayetaka kito cha angani kweli kipo, ni peridoti inayotoka ndani ya vimondo vya palasaiti, vile vya chuma kilichochanganyika na mawe, kama kile cha Esquel huko Argentina. Ni midogo, mingi ina nyufa, rangi ya kijani inayoelekea njano, na inakatwa kama peridoti nyingine. Dukani kwangu haipo. Tsavoraiti ipo, na bei ni ile ile niliyomwambia Mtaliano.