Baridi ya mlimani haipozi darubini

Nimeulizwa tena kuhusu darubini zetu za mawimbi ya redio: “Si huko juu kuna baridi kali? Mafriji ya nini sasa?” Safari hii aliyeuliza ni mhandisi wa umeme, basi subira imeniishia.

Uwanda wa Chajnantor kule Chile, ziliko antena 66 za darubini ya redio ya ALMA, uko mita 5,000 hivi juu ya bahari. Hewa yake kwa wastani ni nyuzi chache chini ya sifuri. Tuseme kelvini 269, kipimo kinachohesabu kutoka sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Vipokezi vyetu vya niobi, metali inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana, vinataka kelvini 4, na ikishapita 9.2 hiyo niobi ni metali ya kawaida tu. Hapo mlima umekusaidia nini? Darubini zilifuata ukavu, maana mvuke wa maji hewani humeza mawimbi ya milimita.

Tena mlima wenyewe ndio unaotusumbua. Kwa wati moja hivi ya upozaji kwenye kelvini 4, kompresa inayosukuma heli, gesi ya kupozea, hula kilowati kama saba, na karibu zote huishia kuwa joto la kutupwa nje. Libebwe na nini? Hewa, ambayo kule haifiki theluthi mbili ya uzito wa ile ya pwani. Feni inazunguka kasi ileile, lakini ni kupepea jiko kwa kipepeo kilichotoboka. Kompresa iliyofaulu majaribio usawa wa bahari inaweza kuzidiwa na joto ikajizima, na wewe umesimama pembeni umevaa koti zito.

Halafu geji ya shinikizo. Inasoma tofauti kati ya heli ya ndani na hewa ya nje, kwa hiyo ukipanda nayo kutoka pwani itaonyesha karibu nusu baa zaidi, bila gesi kuongezeka hata chembe. Fundi anaona imezidi, anafungua vali, anapunguza. Jamani, msipunguze!

Vitabu vinanyamaza kuhusu hili: kipoza kikipanda polepole kutoka kelvini 3.9 hadi 4.3, ni mafuta ya kompresa yaliyopenya kwenye heli, sili zilizochakaa, au ombwe linalozuia joto la nje limeharibika? Tunabadilisha kichujio cha mkaa kinachonasa mafuta hayo, kinarudi 3.9, tunapongezana. Lakini ili kukibadilisha tumezima mashine na mfumo mzima umepata joto, na joto hilo peke yake huyeyusha uchafu ulioganda ndani. Kilichotibu ni kipi, kichujio au kule kuzima? Mara nyingi siwezi kuapa.