Kusafisha filamu nyumbani Goma: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Lazima uwe na chumba chenye taa nyekundu.” Hili ndilo linalowatisha wengi hapa Goma wanaotaka kutoa picha wenyewe kwenye filamu ya kamera. Taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapia picha. Filamu nyingi za nyeusi na nyeupe huona hata wekundu, kwa hiyo taa hiyo itaziharibu. Giza totoro linatakiwa dakika chache tu, unapoviringisha filamu na kuitia kwenye tanki, yaani kopo la kusafishia lisilopitisha mwanga. Mfuniko ukishafungwa, fanya kazi mezani mchana kweupe. Msafiri anatosheka na fuko jeusi lenye mikono. Umeme ukikatika usiku, usishangilie mapema: kaa chumbani dakika tano, na ukianza kuona vidole vyako, giza bado halijatosha.

“Dawa hadi ziagizwe Ulaya.” Ile ya kuibua picha inapikika jikoni. Njia ya kahawa ilitoka kwenye darasa la Scott Williams huko Rochester, Marekani, mwaka 1995. Mapishi yanayotumika sana: lita moja ya maji ya nyuzi 20, soda ya kufulia iliyo kavu kabisa gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa ya kuyeyuka gramu 40; filamu ikae humo dakika 15. Fungua dirisha, maana inanuka vibaya mno.

Na usipoteze arabika nzuri ya Kivu. Kafeini haihusiki, zinazofanya kazi ni asidi za kahawa, na robusta ya bei rahisi inazo nyingi zaidi.

Bikarbonati ya maandazi je? Ni dhaifu, si soda ya kufulia. Ikaange kwenye sufuria kavu juu ya mbabula (jiko la makaa), moto mkali, ukikoroga, hadi gramu 100 zibaki kama 63. Hapo imegeuka.

Chumvi ya mezani kukaza picha, yaani kuifanya isiharibiwe tena na mwanga? Inaweza, ila taratibu mno, saa nyingi. Mimi hununua thiosulfati, dawa ya kawaida ya kukazia.

“Kuondoa dawa, maji ya bomba yatiririke nusu saa.” Kwa mji ambao maji hubebwa kwa mabidoni, ushauri huo ni anasa. Jaza tanki maji, geuza mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10. Kisha mara 20. Haifiki lita moja kwa filamu moja. Suuza mwisho kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Ianike bafuni, wala usiipanguse kwa vidole: chembe moja ya vumbi la volkano ya Nyiragongo huchora mstari kwenye picha zote 36.