Kukariri maswali hakukupi cheti cha usimamizi wa mifumo

Wengi wanaojiandaa kwa mitihani ya usimamizi wa mifumo ya kompyuta huamini kwamba ukikusanya maswali ya zamani na kuyakariri, cheti ni chako. Kwa LPIC-1, cheti cha usimamizi wa mfumo wa Linux chenye mitihani miwili ya maswali 60 kila mmoja, imani hiyo angalau ina pa kushika, ingawa kuna maswali ya kuandika amri mwenyewe bila kupewa majibu ya kuchagua. Kwa RHCSA, cheti cha Linux cha kampuni ya Red Hat, haina mashiko kabisa. Unapewa mashine na kazi za kufanya, basi, kisha unapimwa kwa matokeo.

Tena kinachowaangusha watu mara nyingi si ugumu wa amri, ni kwamba mabadiliko lazima yabaki hata mashine ikiwashwa upya. Ukiandika systemctl start httpd, amri ya kuwasha huduma ya kurasa za wavuti, huduma inawaka palepale na roho inatulia. Bila systemctl enable, inayoiagiza huduma iwake yenyewe kila mashine inapowaka, mashine ikirudi huduma haipo, alama nazo hazipo. Kosa dogo kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, ni balaa zaidi: mashine inaweza kugoma kuwaka sawasawa. Fanyia mazoezi kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako, na uizime na kuiwasha kila umalizapo kazi. Kurasa za man, yaani maelezo ya amri yaliyomo ndani ya mashine yenyewe, zinaruhusiwa mtihanini. Intaneti hairuhusiwi.